Ndege ndogo ya kale imetoka karakana ikiwa nzito: jinsi ya kuzitafuta kilo zilizoongezeka

Malalamiko yanayojirudia baada ya ndege ndogo ya kale kufufuliwa mara nyingi hayahusu injini wala vifaa vya kuongozea, bali namba inayosomwa kwenye mizani siku ya mwisho. Ndege iliyoingia karakana karatasi zake zikisema kilo 347 inatoka na kilo 374, na hakuna fundi anayeweza kutaja kitu kimoja chenye uzito wa kilo 27 kilichofungwa ndani yake. Mwongozo huu umepangwa kwa dalili, na chini ya kila dalili sababu zimetajwa kuanzia ile inayopatikana mara nyingi hadi ile ya nadra. Kwa kuwa sababu za kawaida ndizo pia rahisi kuzikagua, ni vizuri kuufuata utaratibu huo hata kama una hakika kwamba unamjua mkosaji.

Ili kuona kwa nini kilo 27 si jambo dogo, chukua Piper J-3C-65, ndege ndogo ya Marekani yenye viti viwili. Uzito wake wa juu unaoruhusiwa ni pauni 1,220, yaani kilo 553. Ikiwa uzito wake mtupu ni kilo 347, kinachobaki kwa watu, petroli, oili na mizigo ni kilo 206. Watu wawili wa pauni 170 kila mmoja, kipimo ambacho wabunifu wa zama hizo walikitumia, huchukua kilo 154. Tangi la galoni 12 za Marekani likijaa huchukua takriban kilo 33. Na oili huchukua 3 na nusu. Zinabaki kilo 15 na ushei. Ukiongeza kilo 27 kwenye ndege yenyewe, watu wawili hawawezi tena kupaa kihalali wakiwa na tangi lililojaa, na si watu wote wa leo walio chini ya pauni 170.

Dalili: mizani na karatasi havipatani, na orodha ya kazi haielezi tofauti

Kabla ya kuulaumu ukarabati, thibitisha kwamba kilichopimwa ni ndege yenyewe peke yake. Sababu ya kwanza kwa wingi ni vitu vilivyosahaulika ndani: zana, mito ya viti, kamba za kufungia, vitabu, vifuniko, na hasa petroli iliyodhaniwa kuwa imekwisha. Lita 10 za petroli ya ndege zina uzito wa takriban kilo 7.2, na matangi mengi ya zamani hayamwagiki yote ndege ikiwa imekaa kwa gurudumu la mkia. Fungua kila kifuniko cha ukaguzi, angaza kwa tochi, kisha linganisha unachokiona na orodha ya vifaa vya ndege hiyo, kifaa kwa kifaa. Kifaa kilichomo ndani bila kuwamo kwenye orodha, au kilichomo kwenye orodha bila kuwamo ndani, kinaharibu hesabu kwa kiwango kilekile.

Sababu ya pili ni maana ya maneno "uzito mtupu". Katika karatasi nyingi za ndege za miaka ya 1930 na 1940, uzito mtupu ulijumuisha oili ile tu isiyoweza kumwagwa, ilhali kanuni za baadaye zilihesabu oili yote. Injini ya Continental A-65, ile ya J-3C-65, hubeba karibu lita 3.8 za oili, ambazo ni takriban kilo 3.4. Ukilinganisha kipimo cha leo chenye oili kamili na karatasi ya mwaka 1946, tayari una ongezeko ambalo halipo. Angalia pia galoni zilizoandikwa ni za nchi gani. Galoni ya Uingereza ni lita 4.55, ya Marekani ni lita 3.79. Tangi la de Havilland Tiger Moth, ndege ya mafunzo ya Uingereza, hubeba galoni 19 za Uingereza, karibu lita 86. Anayelipima limejaa na kutoa petroli hiyo kwa hesabu ya galoni 19 za Marekani ataacha zaidi ya kilo 10 ndani ya "uzito mtupu" bila kujua.

Ya tatu ni mizani yenyewe na namna ilivyotumika. Washa mizani za kielektroniki mapema ili zipate joto la mahali. Weka juu ya kila moja chombo ambacho uzito wake unaujua, kwa mfano dumu lenye lita 20 za maji, ambazo ni kilo 20 pamoja na uzito wa dumu tupu. Badilishana mizani za kushoto na kulia kisha upime tena. Tofauti ikihama pamoja na mizani, ndege haina kosa. Breki ziachwe huru, kwa sababu gurudumu lililobanwa husukuma mizani kwa ubavu na kupotosha usomaji. Milango ya banda ifungwe, kwani hata upepo mdogo unaopita juu ya mabawa huyanyanyua kidogo na kufanya namba ichezecheze. Mwisho, toa uzito wa kila kitu kilichowekwa juu ya mizani pamoja na ndege: vigingi vya magurudumu na ile stendi ya kuinulia mkia, ambayo ikiwa ya chuma inaweza kuwa na kilo kadhaa peke yake.

Sababu ya nne si ya kawaida kama hizo tatu, lakini ndiyo inayowaumiza watu zaidi: karatasi ya zamani haikuwa ya kweli. Viwanda vingine havikupima kila ndege bali vilipima chache na kutumia wastani. Baada ya hapo, kila redio iliyofungwa na kila kiti kilichobadilishwa viliongezwa kwa hesabu ya kalamu, na rangi iliyopulizwa juu ya rangi haikuandikwa mahali popote. Ndege ya namna hiyo ilikuwa nzito kabla hujaigusa. Dawa kamili ni kuipima kabla ya kuifungua, na ikiwa umechelewa, dawa ya nusu ni kutotupa chochote. Kitambaa cha zamani, zulia, viti, nyaya na mbao zilizotolewa viwekwe kwenye magunia na kupimwa. Jumla ya vilivyotoka ikilinganishwa na jumla ya vilivyoingia ndiyo hesabu pekee inayoweza kukuambia kama kilo 27 ni zako au ni za watu waliokutangulia.

Simama hapa ikiwa upimaji unahitaji ndege kuinuliwa kwa jeki na huna mchoro wa mtengenezaji unaoonyesha sehemu za kuinulia. Ndege inayoteleza kutoka kwenye jeki huvunja bawa na huua mtu aliye chini yake. Kazi hiyo ni ya fundi aliyeidhinishwa, na ripoti rasmi ya uzito lazima itoke kwake hata kama wewe umejipimia mara kadhaa kwa kujiridhisha.

Dalili: ongezeko ni la kweli, lakini limetawanyika kila mahali

Mizani ikithibitishwa na bado ndege ni nzito kote, kushoto kama kulia, mshukiwa wa kwanza ni rangi na tabaka zote zilizo chini yake. Naliandika hili kwa msisitizo kwa sababu mabishano ya mafundi huwa kuhusu aina ya kitambaa, na kitambaa chenyewe hakina hatia kubwa. Pamba ya daraja A iliyotumika zamani ilikuwa na takriban gramu 136 kwa mita ya mraba kabla ya kupakwa kitu. Poliesta ya uzito wa kati ina takriban gramu 92, na ile nzito takriban 115. Ndege ya viti viwili yenye mita za mraba 50 za kitambaa itapata tofauti ya kilo 1 na kidogo kati ya poliesta hizo mbili. Linganisha na tabaka moja la ziada la rangi lenye gramu 60 kwa mita ya mraba: hilo peke yake ni kilo 3, na mtu anayetafuta mng'ao wa kioo hapulizi tabaka moja la ziada, hupuliza manne. Ongeza utepe mpana kuliko uliotakiwa juu ya kila ubavu wa bawa, viraka vya kuimarishia mahali pasipohitaji, na zile tabaka za rangi ya fedha zenye unga wa alumini zilizorudiwa kwa sababu msasa ulifika mbali mno, na utakuwa umeziona kilo nyingi zikiingia bila kishindo.

Kwenye ndege za ngozi ya alumini hali ni hiyohiyo kwa njia nyingine. Cessna 140 na Luscombe 8 nyingi ziliondoka kiwandani kiwiliwili chake kikiwa alumini tupu iliyong'arishwa. Rangi iliyokauka yenye unene wa milimita 0.1 ina uzito wa takriban gramu 140 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo mita 40 za mraba hubeba karibu kilo 5 na nusu. Ikiwa rangi mpya imepulizwa juu ya ya zamani, nayo ya zamani juu ya nyingine, kilo hizo huzidishwa kwa mbili au tatu. Pati iliyotumika kusawazisha mibonyeo ni mbaya kuliko rangi, kwa sababu unene wake hupimwa kwa milimita nzima.

Ukaguzi rahisi unaanzia kwenye kumbukumbu za ununuzi: lita ngapi zilinunuliwa, ngapi zilibaki, na kwenye kila kopo mtengenezaji ameandika asilimia ngapi ni kitu kigumu kinachobaki baada ya kukauka. Hesabu hiyo itakuwa ya juu kidogo kwa sababu sehemu ya rangi hupotea hewani. Kwenye alumini, kipimo cha kielektroniki cha unene wa rangi kinachofaa metali isiyovutwa na sumaku hutoa jibu kwa dakika chache. Pima sehemu nyingi, na uandike namba moja kwa moja juu ya mchoro wa ndege. Kwa kitambaa, njia iliyo bora zaidi inawezekana tu kabla ya kazi kuisha: kata vipande vya kitambaa kilekile vya sentimita 10 kwa 10, vitundike kando ya bawa wakati wa kupuliza, na kupima kimoja baada ya kila tabaka kukauka. Kipande hicho ni sehemu ya mia ya mita ya mraba, hivyo kila gramu inayoongezeka juu yake ni gramu 100 kwa mita ya mraba ya ndege. Hii ni kazi ya mizani ndogo ya jikoni, na sijui kwa nini haifanywi katika kila karakana.

Marekebisho yanategemea mfumo uliotumika. Rangi kwenye alumini inaweza kuondolewa kwa dawa ya kutolea rangi na kuanza upya, mradi dawa hiyo inafaa alumini na haiachwi ndani ya maungio ambako italeta kutu. Mifumo ya kitambaa yenye msingi wa vinaili huyeyuka kwa kiyeyushi chake, kwa hiyo tabaka za juu zaweza kupunguzwa kwa uvumilivu. Rangi ya poliyurethini haiyeyuki hivyo. Iliyopulizwa nene juu ya kitambaa kwa kawaida huondoka pamoja na kitambaa chenyewe. Kupiga msasa hadi chini si suluhisho la kurudisha kilo, kwa sababu ukifikia tabaka la fedha umeondoa kinga dhidi ya mwanga wa jua, na ukifikia nyuzi umeharibu nguvu ya bawa.

Simama hapa ikiwa hujui rangi ya zamani ni ya aina gani. Rangi za msingi za kijani-manjano zilizotumika kwenye ndege za kale zina kromati, ambayo vumbi lake husababisha saratani, na rangi nyingine zina risasi. Dopu ya naitreti, yaani kimiminika cha kukazia kitambaa cha ndege, hushika moto kwa cheche ndogo ya umeme tuli. Poliyurethini ya sehemu mbili hutoa isosayaneti, ambayo huharibu mapafu na haizuiwi vya kutosha na barakoa ya kawaida ya vumbi. Kazi hizi zinahitaji mtu mwenye mafunzo na vifaa vya hewa safi.

Dalili: kiunzi kilikuwa kizito kabla ya kitambaa kuvishwa

Wachache hulijua hili kwa wakati, kwa kuwa wachache hupima kiunzi kikiwa uchi. Walio na namba hiyo waanze kuangalia mipako ya mabomba: mpako wa unga unaookwa ni mnene kuliko rangi ya msingi ya kawaida, na zaidi ya uzito una dosari ya kuficha nyufa kwenye maungio yaliyochomelewa. Kisha waangalie ndani ya mabomba. Mafuta ya kitani humiminwa ndani kuzuia kutu na yanatakiwa kumwagwa yote. Yasipomwagwa hukaa chini, karibu na mkia, mahali pabaya kuliko pote. Viraka na mikono ya chuma iliyochomelewa juu ya mabomba yaliyooza huongeza uzito pia, lakini huo ni uzito halali ikiwa ukarabati ulifuata maelekezo yaliyoidhinishwa. Kumbuka kwamba bomba la chuma cha kromoli halina uzito zaidi ya bomba la chuma laini lenye vipimo vilevile. Likiwa zito, ni kwa sababu ukuta wake ni mnene zaidi.

Kwa mbao, ulizia aina na unyevu. Msonobari wa Douglas ni imara na hukubalika mahali pengi badala ya sprusi, mbao nyepesi ya kawaida ya ndege, lakini ni mzito kwa takriban robo zaidi. Plaiwudi ya sakafu na ya kuta za nyuma mara nyingi huwekwa nene kuliko ya asili kwa sababu tu ndiyo iliyokuwa karibu. Unyevu nao ni mzito: mbao za kilo 60 zikiwa na unyevu wa asilimia 8 zitapata zaidi ya kilo 4 zikifika asilimia 16. Kipimo cha unyevu chenye sindano mbili kinatosha kwa ukaguzi, na ikiwa namba iko juu, tafuta maji yanakotoka kabla ya kukausha chochote.

Simama hapa ikiwa gundi imeachia, mbao imebadilika rangi, au bomba linatoa mlio mfu ukiligonga kidogo. Tatizo lako si uzito tena.

Dalili: kitovu cha uzito kimerudi nyuma

Kitovu cha uzito ni mahali ambapo ndege ingesimama sawa kama ingening'inizwa hapo. Hii ndiyo dalili ya hatari kuliko zote zilizo hapa. Ndege iliyo nzito hupaa kwa shida na kupanda polepole, lakini hutoa onyo. Ndege ambayo kitovu chake kiko nyuma mno hupoteza utulivu, na ikiingia kwenye mzunguko wa kuanguka inaweza kukataa kutoka. Kilo chache zatosha. Kilo 4 zilizoongezwa mita 4 nyuma ya kitovu cha ndege ya kilo 350 hukisogeza kitovu hicho nyuma kwa takriban milimita 45, na masafa yanayoruhusiwa katika ndege hizi huhesabiwa kwa sentimita, si kwa mita.

Anza na sababu isiyo na gharama: huenda ndege ilipimwa mkia ukiwa chini. Jumla ya uzito haibadiliki kwa mkao, lakini mgawanyo hubadilika, na mkia ukiwa chini sehemu kubwa zaidi ya uzito huangukia gurudumu la nyuma. Ndege lazima iwekwe sawa kwa pima maji mahali alipoelekeza mtengenezaji, na umbali kutoka mstari wa rejea, ule ambao mtengenezaji huanzia vipimo vyote, hadi kwenye ekseli upimwe kwa timazi na tepu siku hiyohiyo, usinakiliwe kutoka ripoti ya zamani. Magurudumu makubwa au miguu iliyonyooshwa upya hubadilisha umbali huo.

Ikiwa kipimo ni sahihi, tazama mkia kwa makini: rangi nene, gurudumu la mkia la aina kubwa, waya na taa zilizoongezwa, mafuta ya kitani, na maji. Kuhusu maji, kuna kosa linalojirudia katika ndege zilizovishwa kitambaa kipya. Vipete vya matundu ya kutolea maji vimegundishwa vizuri chini ya kitambaa, lakini hakuna aliyetoboa kitambaa kilicho katikati yake. Maji ya mvua na ya kuoshea hukusanyika humo, na ukiinua mkia polepole utayasikia.

Sababu inayofuata ni mabadiliko ya mbele ambayo hayakusawazishwa nyuma. Betri nyingi zilihamishiwa nyuma ya kiti ili kupingana na uzito wa stata (mota ya kuwashia injini) na jenereta. Miaka mingi baadaye mtu hufunga stata nyepesi ya kisasa, au hurudisha propela ya mbao badala ya ya alumini, na betri ikabaki kulekule. Hapo pua imepungua na mkia haukupungua. Mara chache zaidi utakuta kipande cha risasi cha kusawazishia kimefungwa ndani ya mkia kwa ajili ya injini ambayo haipo tena. Kila kipande cha namna hiyo kinapaswa kuwa kwenye orodha ya vifaa, na mara nyingi hakipo.

Katika hali hii usirushe ndege, hata kwa jaribio fupi, hata ukiwa peke yako na petroli kidogo. Hesabu ya upakiaji ifanywe na mhandisi aliyeidhinishwa kwa hali zote mbili za mwisho: rubani mwepesi na mzito, tangi tupu na lililojaa.

Dalili: pua imekuwa nzito

Hapa mshukiwa hujitokeza haraka. Stata, jenereta, betri, sanduku lake na nyaya nene zikiongezwa kwenye ndege iliyokuwa ikiwashwa kwa kuzungusha propela kwa mkono, jumla yake huwa kati ya kilo 20 na 30. Propela ya mbao ya injini ya nguvu-farasi 65 huwa na kilo 5 hadi 6, na ya alumini hukaribia mara mbili yake. Baada ya hapo kagua kifuniko cha injini kilichojazwa pati na bomba la moshi lisilo la asili. Dalili angani ni eleveta, sehemu ya mkia inayoinua na kushusha pua, kuishiwa nguvu wakati wa kutua, na ardhini ni ndege kutaka kuinama kwa pua breki zinapokanyagwa. Usihamishe betri kwa uamuzi wako. Kuihamisha ni mabadiliko ya ndege, yanayohitaji idhini kama injini mpya inavyohitaji.

Dalili: bawa moja ni zito kuliko jingine

Tofautisha kwanza dalili ya mizani na dalili ya angani. Ndege inayoinamia upande mmoja ikiwa hewani kwa kawaida ina kosa la mpangilio wa mabawa na nguzo zake, na kuongeza uzito upande wa pili ni kuficha kosa hilo. Tofauti ikiwa kwenye mizani pekee, kagua petroli iliyobaki katika tangi la bawa moja, kisha sakafu ya banda ambayo huenda haiko sawa. Zikifutwa hizo, fungua vifuniko vya ukaguzi vya bawa lililo zito. Viota vya panya na vya manyigu wa udongo hupatikana zaidi ya inavyodhaniwa, hata ndani ya mabawa yaliyotoka karibuni kwa fundi, ikiwa yalikaa yamesimamishwa ukutani kwa miezi. Udongo wa manyigu ni uzito tu, lakini mkojo wa panya hula alumini na chuma, na bawa lililokuwa na kiota linastahili kukaguliwa na mtaalamu wa kutu kabla ya lolote jingine. Sababu ya nadra ni boriti moja, yaani mhimili mkuu wa bawa, kubadilishwa kwa mbao za aina tofauti. Hiyo hupatikana katika kumbukumbu za ukarabati.

Dalili: eleroni, eleveta au usukani wa mkia ni mzito mkononi

Eleroni ni zile sehemu za nyuma ya mabawa zinazoinamisha ndege kushoto au kulia. Hapa hakuna ukaguzi mrefu wa kujifanyia. Uzito unaoongezeka nyuma ya bawaba ya sehemu inayosogea, iwe ni rangi, kiraka au maji yaliyonaswa, huweza kuanzisha mtetemo unaojilisha wenyewe kwa kasi ambayo zamani ilikuwa salama, na mtetemo huo hung'oa sehemu hiyo ndani ya sekunde. Baadhi ya ndege zina mipaka mikali ya usawazishaji baada ya kupaka rangi. Beechcraft Bonanza ya mkia wa V, iliyoanza kuuzwa mwaka 1947, ni mfano unaojulikana sana. Unachoweza kufanya mwenyewe ni kutoboa matundu ya maji yaliyosahaulika na kupima sehemu hiyo ikiwa imefunguliwa. Usiongeze risasi ya kusawazishia kwa kukisia. Mhandisi mwenye kitabu cha matengenezo cha ndege hiyo ndiye atakayeisawazisha, na hadi atakapofanya hivyo ndege isipae.

Kilo zikishapatikana

Utaratibu wa kupunguza ni kuanza na visivyobeba mzigo wowote: nyaya zilizokufa za redio zilizoondolewa zamani, vishikizo vya vifaa ambavyo havipo, zulia, sponji nene ya viti, vizuia-sauti vilivyofyonza unyevu, na vifaa vya jairo (saa za kuonyesha mkao wa ndege) pamoja na pampu yake katika ndege inayoruka mchana pekee hali ya hewa ikiwa nzuri. Hivi vikitoka kwa pamoja mara nyingi hurudisha kilo 8 hadi 12 bila kugusa muundo. Baada ya hapo vinakuja vilivyowekwa vikubwa kupita asili, kama magurudumu mapana, gurudumu la mkia na plaiwudi. Rangi huja mwisho kwa sababu ya gharama yake, ingawa ndiyo yenye kilo nyingi.

Yako mambo mawili ambayo hupendekezwa kwa urahisi na yanapaswa kukataliwa. La kwanza ni kutoboa matundu ya kupunguza uzito kwenye mbavu, mabano au boriti; hakuna tundu lisilo katika mchoro ulioidhinishwa ambalo ni salama kwa kukisia. La pili ni kuandika upya uzito wa juu unaoruhusiwa kwa hoja kwamba ndege nyingine ya umbo lilelile ina kikomo cha juu zaidi. Tofauti hiyo yaweza kutokana na bomba nene kidogo au nguzo ya bawa iliyoimarishwa ambayo haionekani kwa macho. Kikomo hubadilishwa kwa hati ya nyongeza iliyoidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi ilikosajiliwa ndege, na kwa kazi zote ambazo hati hiyo inazitaka.

Ikiwa baada ya yote haya zimebaki kilo 10 ambazo ni za halali, yaani viraka vya kiunzi, mikanda bora ya usalama na breki zinazofanya kazi, zikubali na uziandike. Ripoti mpya ya uzito iwe na tarehe, namba za mizani, hali ya petroli na oili wakati wa kupima, na orodha ya vifaa iliyokaguliwa siku hiyohiyo. Ripoti ya zamani iandikwe kwa wino kwamba imebatilishwa, lakini isitolewe kwenye kumbukumbu. Bango la upakiaji lililo mbele ya rubani libadilishwe kabla ya safari ya kwanza, kwa kuwa rubani mgeni atakisoma kibao hicho na kukiamini, wala hatafungua daftari.